Karatasi Zilizokuwa Safi Mno

Kilichonishtua ni usafi wa karatasi. Vumbi la Kongwa mwezi wa Septemba huingia hata kwenye begi lililofungwa zipu, lakini madodoso 12 ya utafiti wetu, yaliyoletwa na mdadisi mmoja, hayakuwa na kunjo wala alama ya kidole. Kwenye maswali ya kipimo cha 1 hadi 5, amezungushia 3 kuanzia juu mpaka chini ya ukurasa.

Nikamwita pembeni, andiko la Mithali kuhusu mizani ya hadaa likiwa tayari mdomoni. Akasema taratibu, "Mama, ulisema kila mtu alete 15 kwa siku. Kitongoji cha mwisho ni mwendo wa saa mbili kwa miguu, na watu wako shambani mpaka jioni. Niliogopa kukuambia."

Andiko likaniishia mdomoni. Hiyo 15 niliipanga mimi, nikiwa ofisini Dodoma, na njia ile sijawahi kuikanyaga. Na kila asubuhi nilikuwa nawaongoza katika maombi, wanaitikia amina huku wananiogopa.

Ndugu unayeongoza utafiti kwa jina la Kristo, anzia hapo. Kanuni ya Yamane, ya kukokotoa ukubwa wa sampuli, haina shida: kaya 2,000, kiwango cha kosa 0.05, unapata 334, kisha unashika rejista ya kijiji na kuchagua kila kaya ya 6. Shida inaanza kaya hiyo ya 6 inapokuwa na kufuli mlangoni. Mdadisi mwenye hofu atahamia kwa jirani aliyepo, na sampuli yako itajaa wazee, wagonjwa na wenye vioski, wakulima wakikosekana. Ukija kuchambua, takwimu zitakaa vizuri tu, na hutaona kitu.

Tulirudia kazi yote ya yule kijana. Nikashusha lengo hadi kaya 6 kwa siku, nikatembea naye siku mbili. Kaya isiyo na mtu tuliirudia hadi mara tatu, alfajiri au baada ya magharibi, na isipopatikana tuliandika haikupatikana, bila kuweka jirani badala yake. Jioni, kabla ya kuhesabu zilizojazwa, nilimuuliza kila mmoja zilizomshinda, na niliona aibu jinsi walivyochukua siku tatu nzima kuniamini.

Halafu zamu yangu ikafika. Mafunzo ambayo utafiti wetu ulikuwa unayapima hayakuonyesha tofauti: thamani ya p, yaani uwezekano wa kuona tofauti kubwa kiasi hicho au zaidi kwa bahati tu kama mafunzo hayana athari, ilikuwa 0.21, wakati kikomo cha kawaida ni 0.05. Nikaanza kugawanya data kwa umri, kwa jinsia, kwa kata, nikitafuta mahali itakaposhuka chini ya 0.05. Ukijaribu mahusiano 20 yasiyotegemeana na yasiyo na ukweli wowote, uwezekano wa angalau moja kukupa jibu hilo kwa bahati tu ni kama asilimia 64. Nililijua hilo, hata nimelifundisha. Usiku ule Mithali ikanirudia, safari hii ikinisemesha mimi.

Siku hizi naandika nitakachopima na jinsi nitakavyokichambua kabla mdadisi hajatoka, natia tarehe, nampa mwenzangu nakala aniulize baadaye.

Ripoti ile ilitoka na 0.21 yake. Kaya 43 ambazo hatukuzipata niliziweka ukurasa wa kwanza, na yule kijana ndiye aliyeandika aya inayoeleza kwa nini.