Eko ya moyo ikitoka safi, donge la mapafu bado linaweza kuwepo

Hili nalisema kila mara kwa vijana wapya wa emajensi, acha leo niliandike. Mgonjwa kaja anahema, kifua kinachoma akivuta pumzi, oksijeni iko chini, mtu anaweka proba ya eko (ultrasound ya moyo) kifuani, anaona moyo unapiga vizuri, anaandika hana donge la damu kwenye mapafu. Aisee usifanye hivyo. Eko haikuonyeshi kilichoziba ndani ya mapafu (mara mojamoja sana utakuta donge linajinyonganyonga kama mnyoo ndani ya moyo wa kulia, ukiliona ita wakubwa hapohapo), inakuonyesha tu jinsi upande wa kulia unavyohangaika kusukuma damu kwenye njia iliyoziba. Donge dogo haliuhangaishi upande huo, so kama dalili zinalielekea mpeleke CT ya mishipa ya mapafu.

Sasa kuna yule presha imeporomoka, kumsukuma mpaka CT ni kumhatarisha. Kwa huyo eko mi naiamini sana. Anza na picha ya vyumba vinne, ventrikali (chumba cha chini kinachosukuma damu) ya kulia kawaida ni ndogo kuliko ya kushoto, ukikuta zinalingana au ya kulia imezidi, shtuka. Zungusha proba ukate moyo kwa upana, ukuta wa katikati ukiwa umesukumwa basi ya kushoto inaacha kuwa duara inakuwa herufi D. Alafu angalia ukuta wa nje wa ventrikali ya kulia, umelala hauchezi ila kule nchani unadunda, ndo alama ya McConnell hiyo, wengi wanaipita bila kuiona, japo na shambulio la moyo wa kulia linaweza kuileta. TAPSE (umbali ambao pete ya valvu ya kulia inasogea kuelekea nchani moyo ukipiga) chini ya milimita 17 nayo sio nzuri. Na kama presha iko chini hivyo halafu moyo wa kulia uko sawa kabisa, tafuta sababu nyingine.

Kingine, pima unene wa ule ukuta wa nje wa ventrikali ya kulia. Ukizidi milimita 5 huenda presha ya mapafu ilipanda siku nyingi, sio donge la leo, na kukimbilia dawa ya kuyeyusha donge hapo unaweza kumvujisha mtu damu bure.

Ukimaliza kifua usizime mashine, badilisha proba ushuke kwenye nyonga na nyuma ya goti, bonyeza. Vena (mshipa unaorudisha damu moyoni) nzima inalala kabisa, ikigoma kulala kuna donge mguuni, na kwa mgonjwa anayehema vile hiyo inatosha kuanza dawa ya kuzuia damu kuganda, isipokuwa kama anavuja damu mahali.