Leaf inapuliza hewa ya vuguvugu: kabla hujanunua kompresa

Mkuu, umesema Nissan Leaf yako ya 2014, hili gari la umeme, feni inapuliza kwa nguvu ila hewa ni ya vuguvugu, na fundi ameshakutajia bei ya kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya AC. Shikilia hela yako kwanza. Nami ninayo Leaf, naiendesha hapa Dar, na ugonjwa huohuo uliipata Januari, joto lenyewe unalijua, kwenye foleni ya Mandela. Nami nikaambiwa kompresa. Haikuwa kompresa.

Mafundi wengi wa AC wamezoea magari ya petroli, ambako kompresa inazungushwa na mkanda na ina klachi unayoisikia ikigonga inaposhika. Hii ya kwetu haina mkanda wala klachi. Ina mota yake humohumo ndani, inakula umeme wa betri kubwa, volti zaidi ya 300, na anayeamua izunguke au inyamaze ni kompyuta ya gari. Presha ya gesi ikiwa chini mno au juu mno, kompyuta inaizuia isiwake ili isijiue. Kwa hiyo fundi anayechungulia na kukuta kompresa kimya bado hajakuonyesha kompresa mbovu. Huenda imekatazwa tu, na kazi yake ni kutafuta sababu ya kukatazwa.

Anza na vya bure. Hakikisha taa ya kitufe cha A/C inawaka, maana feni inaweza kupuliza siku nzima A/C ikiwa imezimwa, hasa kwa sisi tunaobahatisha vitufe vya Kijapani. Toa ECO, ile hali ya kubana umeme, kwani inapunguza nguvu ya AC. Shusha joto hadi mwisho, weka hewa izunguke ndani.

Sasa, kama yako ina skrini ya navigesheni, fungua ukurasa wa matumizi ya umeme. Utaona geji ya mota, ya AC, na ya vifaa vingine. Weka gari juani, liwashe bila kutembea, uiangalie ile ya AC. Ikibaki kwenye sifuri, kompresa haizunguki. Ikipanda hadi kilowati moja hivi na hewa bado ni ya moto, basi inazunguka na ubovu uko kwingine: gesi imepungua bila kuisha, feni ya mbele haipozi kondensa (ile rejeta ya AC iliyo mbele ya gari), au kile kibao ndani ya dashibodi kinachochanganya hewa ya moto na ya baridi kimekwama. Baadhi ya gredi zina hita inayotumia mfumo huohuo wa gesi, na hizo zina valvu za ziada zinazoweza kukwama pia. Usipokuwa na skrini hiyo, programu ya Leaf Spy na kile kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye soketi ya OBD, ile ya kupimia gari kwa kompyuta, vitakupa usomaji wa AC kwenye simu.

Yangu ilikaa sifuri. Nikahamia kwa fundi mwingine, kijana mtulivu, akafunga geji za presha ya gesi gari likiwa limezimwa na limepoa kivulini. Kwa gesi ya R134a, kwenye nyuzi 30, pande zote mbili, wa presha kubwa na wa presha ndogo, zinatakiwa zisome karibu psi 97 (psi ni kipimo cha presha). Yangu haikufika hata nusu. Gesi ilikuwa imevuja, kompyuta ikafanya kazi yake. Lakini angalia hapa, wengi wanateleza: kusoma 97 si ushahidi kwamba gesi imejaa. Maadamu ndani bado kuna gesi kidogo katika hali ya kimiminika, geji itasoma hivyohivyo. Kujua kiasi, gesi inanyonywa yote, inapimwa kwenye mizani, halafu zinarudishwa gramu zilizoandikwa kwenye stika chini ya boneti. Fundi anayejaza kwa kushika bomba na kusema "limepoa hili" mwache aende zake.

Uvujaji tuliupata kwa naitrojeni na povu la sabuni: kona ya chini ya kondensa, ambako mawe ya barabarani hupiga. Ikabadilishwa kondensa, mfumo ukavutwa hewa na unyevu wote kwa pampu, gesi ikaingia kwa mizani.

Sasa oili, na hapa naomba usome taratibu. Kompresa hizi zinatumia oili ya POE, kwa sababu waya za mota zimelala ndani ya oili hiyo na lazima isipitishe umeme. Gereji nyingi zina PAG, ya magari ya kawaida, na yale makopo ya gesi ya dukani mara nyingi yamechanganywa nayo, mengine yana hadi gundi ya kuziba matundu. PAG ikiingia, uwezo wa kuzuia umeme unashuka, kompyuta inaona umeme mkubwa unavujia bodi, na gari linaweza kugoma kabisa kuingia READY, yaani kuwa tayari kutembea. Jamaa wa mtaani kwetu alianza na AC isiyopoa akaishia na gari la kukokotwa. Hata mashine ya kujazia iliyotoka kwenye gari la petroli inabaki na oili ndani ya mipira yake, kwa hiyo uliza kama imesafishwa.

Na nyaya za rangi ya chungwa asiguse mtu asiyejua. Gari linazimwa, betri ndogo inafunguliwa, plagi ya usalama iliyo sakafuni inachomolewa na mwenye glovu za volti 1000, kisha mnasubiri dakika 10 kapasita ziishiwe umeme zilioutunza. Fundi akikwambia hayo ni mbwembwe, chukua funguo zako.

Ukishapima, weka hapa usomaji wa AC kwenye skrini, psi gari likiwa limepoa, na namba za hitilafu (code) zilizohifadhiwa na kompyuta ya gari, kama zipo. Na mwulize huyo fundi wako: hiyo kompresa aliipima na nini?