Atlanta: anza na Busy Bee Cafe

Ndugu, ukiwa Atlanta na unataka chakula cha Kusini mwa Marekani chenyewe, nenda Busy Bee Cafe, mtaa wa Vine City. Wapo tangu 1947, na Martin Luther King alikuwa akila pale. Agiza kuku wa kukaanga: ngozi inalia ukiuma, nyama ya ndani bado laini. Pembeni chukua makaroni ya jibini na sukuma wiki, ila ya kule huchemshwa muda mrefu mpaka inalegea kabisa. Kama huli nguruwe uliza kwanza, maana kwa desturi mboga hizo hutiwa nyama yake. Wahi kabla ya saa sita, foleni huwa ndefu. Ukikosa nafasi, Mary Mac's Tea Room iko Ponce de Leon Avenue, nako wanapika vizuri.