Maswali ya Wasomaji: Kiti cha Njumu na Bangili ya Pembe

Asalaam alaykum. Marehemu mama ametuachia kiti cha enzi cha mpingo kutoka Lamu, chenye njumu nyeupe (vipande vya pambo vilivyopachikwa kwenye mbao), na bangili ya pembe ya ndovu. Ndugu zangu wanataka tuviuze tugawane. Sheria ya huku inaruhusu?
Msomaji, Leicester

Waalaykum salaam, dada, na poleni kwa msiba.

Bangili iwekeni. Ni pembe tupu, na tangu 6 Juni 2022 sheria ya Uingereza hairuhusu bangili ya kawaida ya namna hiyo kuuzwa wala kubadilishwa kwa kitu kingine, hata iwe kuukuu vipi. Kuivaa na kumrithisha binti yako ni halali. Ni sheria kali, na inastahili: pembe mpya ikipakwa rangi ya chai hupita sokoni kama ya kale. Na majangili wameua tembo wengi kwa ajili ya pembe: Tanzania ilikuwa na tembo wapatao 109,000 mwaka 2009. Kufikia 2014 walibaki 43,000 hivi.

Kiti kina njia ya kuuzwa. Kiwe kimetengenezwa kabla ya 3 Machi 1947, pembe isifike asilimia 10 ya ujazo wake, na iwe imeshikamana nacho, si ya kubandua kirahisi.

Kwanza hakikisheni njumu ni pembe, maana mafundi wa pwani walitumia mfupa pia. Kwa lenzi ya kukuza mara 10, mfupa huonyesha vitundu na vimistari vyeusi. Pembe haina vitundu; ikikatwa kwa upana, mistari yake hupishana kama wavu. Msichome kwa sindano ya moto: pembe na mfupa vyote haviyeyuki, mtaacha kovu bure.

Kisha pimeni. Vipande 60 vya sentimita 3 kwa 1, unene milimita 3, ni sentimita za ujazo 54. Mpingo wa kilo 10 una 8,000 hivi. Hiyo haifiki hata asilimia 1. Uwazi kati ya miguu hauhesabiwi.

Tafuteni picha ya zamani, risiti au maelezo ya mtaalamu kuthibitisha umri, mkisajili kiti kwenye tovuti ya serikali kwa pauni 20. Wengi hukosea hapa: hutangaza kwanza, husajili baadaye. Kutangaza tu tayari ni kosa, na kifungo hufika miaka 5.

Vipande vilivyokwisha kubanduka msiviuze peke yake. Hivyo vimekuwa pembe tupu kama bangili. Na mkienda Mombasa, ulizeni vibali vya CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini) kwa APHA hapo, idara ya serikali ya afya ya wanyama na mimea, na KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kabla ya kufunga mizigo, hata kama bangili iko mkononi.