Jibu: Chatu wa kuagizwa au wa kuzalishwa?

Ndugu yangu, umeuliza kama uagize chatu wadogo wa Afrika Magharibi, Python regius, au utafute waliozalishwa kizimbani. Chukua waliozalishwa, ila vibali vya TAWA, mamlaka ya wanyamapori Tanzania, vitangulie kabla hujalipa hata shilingi. Spishi hii ipo Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, kwa hiyo kuivusha mpaka kunadai karatasi.

Nyoka wa kuagizwa aliyekamatwa porini huja na kupe na minyoo, na wengi hugoma kula kwa wiki nyingi. Kinachoniumiza zaidi ni hawa wanaouzwa kama wa shambani, yaani wa kufugwa. Huko Ghana, Togo na Benin majike wenye mimba hukamatwa porini, hutaga kizimbani, kisha watoto huuzwa nje. Mama katoka porini! Uliza wazazi wote wawili walizaliwa wapi, na umwone nyoka mwenyewe akila.

Kuzalisha mwenyewe kusubiri. Mayai yanataka nyuzi 31 hivi kwa takribani siku 60, na hapa Dodoma usiku wa Julai ni baridi, hewa kavu. Na chatu wetu wa porini mwache alipo; Sheria ya Wanyamapori ya 2009 inamfanya mali ya umma.