Yeye alirudi, mume wangu hakurudi

SWALI: Bibi, shikamoo. Nakaa Kibirizi, nina mapacha wa miaka minne. Mwezi wa Aprili mume wangu alitoka jioni na mwenzake kutega samaki aina ya migebuka. Usiku upepo ukawapindua. Mwenzake alishikilia dumu, akafika nchi kavu alfajiri. Mume wangu hakuonekana hadi leo. Wakwe wanasema nisikae eda mpaka maiti ipatikane. Kila anayekuja kunipa pole ananiambia kazi ya Mungu haina makosa, na mimi nikitandika mswala ulimi unakuwa mzito, nainuka bila kuswali. Yule aliyerudi nikimwona mwaloni nageuza uso, maana namchukia kwa kuwa hai. Je, imani yangu imekufa? – Mama Mapacha

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na ya tatu nilimwomba mjukuu anisomee kwa sauti, kwa sababu macho yangu yalikuwa yameshajaa.

Nianze na eda, hilo lisingoje. Ziwa letu la Tanganyika lina kina cha zaidi ya mita 1,400, na sisi wa Kigoma tunajua kwamba si kila anayechukuliwa na maji hurudishwa. Usikae ukitazama ufuko. Nenda kwa sheikh wa BAKWATA, baraza la Waislamu, umweleze yote, yeye ndiye atakayekuambia eda yako inahesabiwa tangu lini, ile miezi minne na siku kumi. Wakwe zako wana uchungu wa mtoto wao, wasikilize kwa heshima, lakini hukumu hii si yao. Muulize pia kuhusu swala ya ghaibu. Mtume wetu alimswalia Najashi, mfalme wa Habasha, naye yuko Madina na maiti iko ng'ambo ya bahari. Mume wako anaweza kuswaliwa bila jeneza.

Sheikh atataka shahidi, na shahidi ni mmoja tu, huyohuyo unayemgeuzia uso. Nitarudi kwake.

Kuhusu imani, mimi sioni maiti hapo. Mtume alifiwa na Bi Khadija na ami yake Abu Talib katika mwaka mmoja, na mwaka ule ukaitwa Mwaka wa Huzuni. Alipofiwa na mwanawe Ibrahim alilia mbele za watu. Wanaokuambia kazi ya Mungu haina makosa wanasema kweli, ila wanaisema upesi mno, chai ya msibani haijapoa. Anayetandika mswala akainuka kwa uchungu, kesho akautandika tena, huyo bado anabisha hodi.

Sasa nikuambie langu. Mwaka 1995 nilikuwa naanika dagaa hapohapo Kibirizi. Mwanangu wa miaka kumi na mmoja alikwenda kuogelea na kijana wa jirani, wa miaka kumi na minne. Akarudi kijana peke yake. Mwanangu tulimzika Ujiji siku ya pili. Yule kijana sikumtukana wala sikumsemesha. Nikimwona njiani nilibadilisha njia, na mama yake, ambaye tulikuwa tunaazimana chumvi, nikaacha kumwamkia. Miaka miwili. Swala nilikuwa nayo ya mwili tu, nainama na kuinuka.

Mwaka 1997 zikaja zile mvua za El Nino. Alasiri moja nina dagaa wa mkopo wametandazwa mchangani, wingu likashuka ghafla kutoka upande wa Kongo. Nikaanza kuanua peke yangu, wanachanganyika na mchanga, nalia. Nikaona mikono mingine inazoa. Alikuwa yeye, amekuwa mrefu, kavaa kaptula imechanika. Hakusema neno. Alivuta turubai, akalikalia pembeni lisipeperuke, mvua ikampiga yeye badala ya dagaa wangu.

Ilipokatika nilimpa chai na muhogo wa kuchemsha. Mkono uliotoa kikombe ulikuwa unatetemeka, mwanangu, sikumsamehe kwa wepesi. Nikamuuliza kitu ambacho sikuwahi kumuuliza: ilikuwaje? Akaniambia alimshika mkono, ukateleza, akazama kumtafuta mara nne mpaka akatapika maji. Kwa miaka miwili nilikuwa naamini alikimbia. Hakuna aliyemuuliza, hata mama yake.

Usiku ule niliswali isha. Sikuomba chochote. Nilikaa kwenye sijida mpaka mkeka ukalowa, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nilihisi kuna anayenisikia.

Sikuambii umpende aliyerudi. Tuma mtu, kaka yako au mama yako mdogo, amwombe mfuatane kwa sheikh. Akishatoa ushahidi, muulize mume wako alisema nini usiku ule, walikula nini, walizungumza nini kabla ya upepo. Ana saa nzima za maisha ya mume wako ambazo wewe huna, na huenda naye halali.

Kijana wangu alirudi kesho yake na shati la shule la mwanangu, lile alilolivua ufukweni siku ile. Alikuwa amelificha chini ya godoro miaka yote miwili, kwa kuogopa kunipa. Lilikuwa limefuliwa na kukunjwa.