Jibu: Tumchangie vipi beki wetu chipukizi?

Salaam ndugu yangu. Umeuliza mumpe vipi yule beki wenu kijana mchango wa mashabiki bila kuzua fitina kwenye timu, maana pesa ziko tayari na kila mtu ana lake. Sisi huku Likoni tulishafanya, na mara ya kwanza tuliharibu. Tulimtia wetu noti mkononi mechi ilipoisha, wenzake wakitazama. Wiki nzima hakupasiwa mpira mazoezini.

Kwanza muone meneja, kabla hata ya kijana mwenyewe. Halafu nunueni njumu, msitoe taslimu. Beki anayejitupa chini kwa kila mpira hazimkai. Wetu alikuwa ameshona zake kwa uzi wa nyavu za samaki, kidole gumba chachungulia. Soko la Kongowea za mtumba zipo nzuri, ila pindeni soli kwanza: ikilia, gundi imekwisha. Ongezeni mpira mmoja wa timu nzima, midomo itafungwa.

Na zile kelele za "mfagie!", yaani amtelezee mpinzani miguuni, zipunguzeni akishaonyeshwa kadi ya manjano. (Mimi ndiye niliyekuwa napiga kubwa zaidi.) Kijana huwasikia, hataki kuwaangusha, atamfagia mpinzani kweli, atatolewa, na mtabaki kumi.